Manjano Kwenye Baridi ya Mbeya: Kutoka Tunguu Hadi Unga

Matunguu yangu ya kwanza ya manjano niliyafukua baada ya wiki nane, yakatoka mkononi yamelainika kama ugali uliolowekwa. Nilikuwa nimeyanunua soko la Mwanjelwa mwezi Juni, manene, rangi kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Siku hiyohiyo nikayazika nyuma ya nyumba kwenye udongo wa mfinyanzi, nikawa nayamwagilia kila asubuhi, na usiku ni ile baridi ya Juni inayotulaza na mablanketi mawili. Majirani wakanihakikishia kwamba manjano ni zao la Morogoro, Muheza na Unguja, huku Mbeya hayakubali. Tangu hapo nimeyalima kila mwaka, kwenye ndoo na viroba, uwanjani pangu pasipozidi hatua kumi kwa sita. Naandika kwa kirefu kwa sababu najua wengi hapa kwetu wamejaribu mara moja, yakaoza, wakaamini walichoambiwa.

Walichoambiwa ni nusu ya ukweli. Manjano ni mmea wa joto, lakini hautaki joto lilelile kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakati wa kuchipua unapenda nyuzijoto 30 hadi 35. Unapotoa majani na machipukizi ya pembeni, 25 hadi 30. Matunguu yanapoanza kujijenga chini, 20 hadi 25 yanatosha, na yanaponenepa hata 18 hadi 20 ni sawa. Joto linalohitajika linashuka kadiri mmea unavyozeeka. Sasa utazame mwaka wetu wa Nyanda za Juu Kusini: Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto, mvua zinaanza Novemba, Machi na Aprili hewa inapoa, Juni baridi inashika. Mteremko ni uleule. Tunachokosa kwenye mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ni ile ngazi ya kwanza, nyuzijoto 30 za kuchipulia, na hizo unaweza kuzitengeneza ndani ya katoni jikoni kwako. Ukifanikiwa hapo, mengine ni kazi ya kawaida ya mtu aliyezoea kulea mboga.

Kununua tunguu lenye uhai

Kwanza tuelewane jina. Pwani na Visiwani wanasema manjano. Huku bara wengi tunasema binzari, na jina hilohilo wengine wanalitumia kwa unga wa viungo vilivyochanganywa. Ukifika sokoni omba binzari mbichi, ile inayofanana na tangawizi ila ukiivunja ndani ni rangi ya chungwa. Waulize akina mama wanaouza tangawizi na vitunguu saumu. Ile iliyokauka ngumu kama kokoto kwa wauza viungo imeshachemshwa, na haitaota hata ukiilea vipi.

Manjano hayana mbegu ya punje. Mmea hutoa ua zuri lenye magamba meupe na wekundu kidogo nchani, likichomoza katikati ya majani, lakini ni tasa. Kila shina la manjano unaloliona limetokana na kipande cha tunguu la shina jingine. Mtu akikuuzia punje kavu kwenye pakiti akisema ni mbegu za manjano, mwachie mwenyewe.

Kwenye kilo moja utakuta maumbo mawili. Lipo tunguu mama, la mviringo kama yai, ndilo lililobeba shina msimu uliopita, na vipo vidole, vile virefu vilivyoota pembeni yake. Vyote vinapandwa. Mimi huchagua mama, kwa sababu lina akiba kubwa ya chakula, na huku kwetu mche unapoanza maisha kwenye ubaridi tofauti inaonekana kwenye unene wa chipukizi. Nikikosa mama nachukua kidole kinene kama dole gumba la mtu mzima. Kagua macho yake: vile vichongo vidogo vilivyotuna kwenye mistari ya pingili. Kipande cha gramu 30 hadi 50 chenye macho mawili au matatu ndicho unachokitaka. Tunguu lililosinyaa kidogo linavumilika. Lenye sehemu laini, ukungu au harufu ya kuchacha liache palepale mezani.

Nunua kati ya Julai na mwanzoni mwa Septemba, mavuno mapya ya mikoa ya joto yanapokuwa sokoni, kisha usiyapande. Najua mkono unawasha, lakini tunguu lililotoka kuvunwa linalala miezi miwili au mitatu kabla macho hayajaamka, na ukilitia kwenye udongo baridi wenye maji wakati limelala, kuvu wanalikuta halina la kujitetea. Hilo ndilo lililoniponza mimi. Yaweke kwenye katoni wazi, pakavu, jikoni ambako usiku pana joto kuliko vyumba vingine. Usiyatie kwenye friji.

Katoni ya jikoni

Kazi yenyewe inaanza wiki ya kwanza ya Septemba. Hatua hii ndiyo inayoamua kama utakula manjano yako au la, kwa hiyo nitaieleza bila haraka.

Matunguu makubwa yakate kwa kisu safi, kila kipande kibaki na macho yake. Paka majivu makavu ya kuni kwenye sehemu iliyokatwa, uyaanike kivulini siku mbili mpaka kidonda kijifunge kwa ngozi kavu. Mwaka mmoja niliruka hatua hii kwa kuwa na haraka, nikapoteza vipande sita kati ya kumi na viwili.

Tafuta katoni mbili, moja iingie ndani ya nyingine na nafasi ibaki pande zote. Jaza nafasi hiyo magazeti yaliyokunjwakunjwa au matambara. Ndani kabisa weka beseni la zamani lililotobolewa chini. Malazi ya matunguu ni vumbi la mbao au mchanga wa mto uliooshwa. Mimi natumia vumbi la mbao kwa sababu linashika joto na halilemei, nalo kwetu halina shida kupatikana. Ila uliza limetoka wapi: vumbi la mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu halifai kabisa kwa mmea utakaoula. Lowesha vumbi, likamue kwenye ngumi. Likidondosha maji, ni mengi mno. Likishikamana bila kudondosha, hapo ndipo.

Tandaza vumbi unene wa vidole vinne, panga vipande macho yakitazama juu bila kugusana, funika kwa vumbi jingine unene wa kidole. Juu weka karatasi ya nailoni yenye matundu machache ya kupumua. Mwanga hauhitajiki bado.

Sasa joto. Mchana peleka katoni dirishani penye jua, au chumbani chini ya bati lisilo na dari, ambako Septemba saa nane mchana hata mtu anatoka jasho. Jioni chukua dumu la lita tano, jaza maji ya moto ambayo hayajafikia kuchemka, maana yanayotokota yanalilegeza dumu, lizungushie taulo kuukuu, uliingize kando ya beseni, kisha funika katoni zote kwa blanketi. Ukiamka asubuhi vumbi linatakiwa liwe vuguvugu, chini kidogo ya joto la mwili wako. Gusa kwa kidole kila siku mpaka mkono uzoee. Aliye na chombo cha plastiki nene cha kuhifadhia barafu amerahisishiwa, maana kinatunza joto vizuri kuliko katoni.

Ninaomba sana, usiache jiko la mkaa linawaka kwenye chumba kilichofungwa ili kutia joto matunguu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huku kwetu wakati wa baridi imeua watu usingizini. Maji ya moto yanatosha.

Kila baada ya siku nne funua, chunguza. Vumbi likianza kukauka nyunyiza kwa mkono, si kwa kikombe. Kilichooza kitoe pamoja na vumbi lililokizunguka. Kwenye wiki ya tatu au ya nne utaona ncha nyeupe, ngumu, imechongoka kama jino la mtoto linalochomoza. Mengine yanachelewa hadi wiki ya saba, usiyatupe mradi bado ni magumu. Ncha ikifika sentimita tatu hadi tano na vijizizi vimeanza, tunguu liko tayari kupewa udongo.

Ndoo, kiroba na udongo wake

Kwa nini si bustanini moja kwa moja? Kwa sababu ndoo inahamishika. Inafuata jua, inakimbia mvua ya mawe, inaingia ndani usiku wa baridi kali, na fuko hawaifikii. Pia udongo uliomo ndani ya ndoo nyeusi unapata joto la jua haraka kuliko ardhi.

Ndoo ya rangi ya lita 20 inabeba tunguu mama moja, au vidole viwili. Iliyokuwa na rangi ya maji iliyooshwa mpaka maji yakatoka meupe inafaa. Iliyobeba rangi ya mafuta au dawa ya shambani usiiguse. Toboa matundu kumi hivi chini kwa msumari uliotiwa moto, na mengine manne ubavuni karibu na kitako. Kiroba cha kilo 50 kilichokunjwa mdomo hadi nusu ni kizuri pia, tena ni rahisi kuliko ndoo, kinabeba mawili hadi matatu. Kina cha udongo kisipungue sentimita 30. Upana una maana kuliko kina, kwa kuwa matunguu yanajitanua pembeni.

Udongo: manjano yanataka tifutifu, wenye rutuba, usiotuamisha maji, uchachu wake uwe kati ya pH 5.5 na 7 hivi. Mchanganyiko wangu ni ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa au mboji, na ndoo moja ya kitu cha kulegeza. Kwa upande wa Uyole na Rungwe, kitu hicho tumepewa na volkano: vile vijiwe vyepesi vyenye matundu unavyovikuta ukichimba msingi wa nyumba. Vinashika unyevu ndani yake na bado vinaacha maji yapite. Usipokuwa navyo, tumia mchanga wa mto, au maganda ya mpunga ambayo kwenye mashine za kukoboa yanarundikwa nje kama vilima. Samadi mbichi ni kosa kubwa, inaunguza mizizi na inaleta kuoza. Ukiingiza mkono kwenye rundo la samadi ukakuta bado ni la moto, liache mwezi mwingine.

Kuhamishia na kutoa nje

Jaza chombo robo tatu tu, kwa sababu baadaye utaongeza udongo. Laza tunguu ncha ikitazama juu, kina cha sentimita tano, funika taratibu maana ncha ikivunjika mmea unaanza upya kwa jicho jingine na unapoteza wiki tatu. Kama unapanda kwenye kiroba kipana au tuta, acha sentimita 25 hadi 30 kati ya tunguu na tunguu. Mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, kisha subiri. Usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke kufikia pingili ya kwanza ya kidole.

Kwa kawaida hapo ni katikati ya Oktoba. Mchana ni joto lakini usiku bado unauma, hivyo wiki mbili za kwanza mimi naviingiza vyombo kibarazani jioni. Mvua za Novemba zikishika na majani mawili yakiwa yamefunguka, vinakaa nje moja kwa moja.

Kuhusu mahali pa kuviweka, kuna jambo ambalo vitabu vya nchi nyingine vitakupotosha. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, karibu nyuzi tisa. Desemba na Januari jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kusini, na kuanzia Machi linahamia kaskazini, ambako linabaki kipindi chote cha baridi. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopigwa na jua kuanzia Machi mpaka Septemba. Kama ni wa matofali ya kuchoma, unameza joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Nilipohamishia ndoo zangu ukutani hapo mwezi Machi, majani yalibaki mabichi hadi Juni, wakati zile nilizoziacha chini ya mparachichi zilikuwa zimelala tangu mwanzoni mwa Mei.

Mikoa ya joto watakwambia manjano yanapenda kivuli cha nusu, chini ya minazi au migomba. Kwao ni kweli. Kwetu jua ni rafiki, lipe mmea lote la asubuhi na mengi ya mchana. Mwezi wa kuliogopa ni mmoja, Oktoba kuelekea Novemba kabla ya mvua, hewa inapokuwa kavu na jua linachoma: ncha za majani zikigeuka kahawia na kukauka, tundika chandarua kuukuu au kanga nyepesi kuanzia saa sita mchana.

Usipokuwa Mbeya mjini

Kyela, kwenye mita kama 500 tu, na mvua zake nyingi, hamhitaji katoni wala dumu. Zikeni matunguu yaliyoamka moja kwa moja ardhini chini ya migomba au mikakao, ila kwenye tuta lililoinuliwa, kwa sababu adui wa kule ni maji yaliyotuama. Usangu na Pawaga kuna joto la kutosha, kinachotakiwa ni kivuli cha mchana, matandazo mazito na maji ya uhakika. Tukuyu mvua ni nyingi mno, weka mchanga au vijiwe vya volkano mara mbili ya nilivyosema, na ukiweza vyombo vikae chini ya upenu ili upime maji mwenyewe. Iringa mjini jua ni zuri lakini kuna upepo mkavu unaochana majani, kwa hiyo tafuta kona iliyokingwa. Njombe, Makete na Mufindi, ambako sakitu (umande ulioganda) inaanguka, fanyeni kila nilichosema na mwongeze kibanda cha nailoni, hata cha fito nne tu. Sakitu ikigusa majani usiku mmoja, asubuhi yamekuwa meusi.

Maji, matandazo na chakula

Mvua ikiwepo, kazi yako ya maji ni kuhakikisha yanatoka. Mvua ikikatika siku tatu nne, mwagilia asubuhi, si jioni, ili majani na udongo wa juu visilale vimelowa kwenye baridi. Tandaza majani makavu ya migomba au nyasi unene wa vidole vinne, mbali kidogo na shina. Matandazo yanashika unyevu na kuzuia mvua kubwa isipige udongo ukafunuka. Kama unafuga kuku, zungushia wavu mapema, maana kwa kuku matandazo mapya ni mwaliko wa kuchakura.

Manjano ni mlaji. Mwezi wa pili baada ya kuhamishia, ukiona machipukizi ya pembeni, weka konzi mbili za samadi iliyooza kuzunguka kila shina na upandishie udongo juu yake. Rudia mwezi wa nne tangu kuhamishia. Kupandishia huku si pambo. Matunguu mapya huota yakikaribia uso wa udongo, na yanayopigwa na jua yanageuka kijani na kukosa unene. Ndiyo maana tuliacha robo ya ndoo tupu. Katikati ya mizunguko hiyo miwili mimi hunywesha maji ya samadi: kopo moja la samadi kwenye ndoo ya maji, linakaa wiki moja likikorogwa, kisha linachujwa na kuongezwa maji mpaka liwe na rangi ya chai ya rangi. Majivu ya kuni yana potasiamu inayosaidia kunenepesha, ila kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo kwa msimu kinatosha, maana yakizidi yanaharibu uchachu wa udongo. Mbolea ya urea sipendi kuitumia hapa. Inatoa majani makubwa ya kupendeza machoni, ukifukua chini hakuna kitu.

Magonjwa si mengi kwenye ndoo. Kubwa ni kuoza tunguu: majani yanaanza kugeuka njano kuanzia chini wakati wa mvua, shina likivutwa linatoka kirahisi, na msingi wake unanuka. Hakuna dawa ya nyumbani ya kuliponya. Ng'oa, tupa mbali na udongo wake, kagua matundu ya vyombo vingine kama hayajaziba. Madoa ya kahawia kwenye majani mvua ikizidi yanaletwa na kuvu, kata jani uchome, achanisha vyombo hewa ipite. Ukiona vidonda na vinundu kwenye mizizi, ni minyoo fundo, na mara nyingi imetoka kwenye udongo uliolimwa nyanya. Usiutumie udongo huo.

Mei mpaka Julai

Aprili mwishoni mvua zinapungua na usiku unaanza kung'ata. Majani yakianza kupauka na kulala usishtuke wala usiongeze mbolea, mmea unarudisha chakula chini. Wakati huu ndipo matunguu yanaponenepa, na ndiyo sababu nakusihi usivune Mei kwa kuona majani mawili ya njano. Viweke vyombo kwenye ule ukuta unaotazama kaskazini, funika usiku kwa gunia, mwagilia kidogo sana. Juni, wakati joto la usiku linaposhuka chini ya nyuzijoto 10, majani yote yatalala. Acha kabisa kumwagilia wiki mbili au tatu, ngozi ya matunguu ikomae.

Kuvuna kwenye ndoo ni kupindua tu juu ya turubai. Pindua, gonga kitako, pasua bonge kwa mikono. Kwenye tuta tumia uma wa shamba ukianzia mbali, jembe litayakatakata. Harufu inayopanda hapo, ya udongo na machungwa na pilipili kwa pamoja, huwaita hata wa jirani. Ndoo moja kwangu hutoa kama nusu kilo, mwaka mzuri robo tatu. Morogoro wangeona ni kidogo. Kwa familia ya watu watano ndoo nane zinanitosha mwaka mzima, mabichi na unga.

Kabla hujala chochote, tenga matunguu mama yaliyo bora kuliko yote. Watu wengi wanapanda mabaki, halafu kila mwaka wanashangaa mavuno yanapungua.

Kupata unga

Mabichi unaweza kuyakwangua moja kwa moja kwenye mchuzi wa samaki, ndizi au maharage. Vaa mifuko mikononi au kubali vidole vya njano siku tatu, na nguo nyeupe ziwe mbali. Majani usiyatupe, funga nayo samaki kabla ya kumchoma.

Kwa unga zipo njia mbili. Ya haraka ni kuosha, kukata vipande vyembamba kama vya chipsi na kuanika kivuli chenye hewa au jua la asubuhi mpaka vivunjike kwa mlio. Jua la Julai huku ni kavu na zuri, siku nne au tano zinatosha, ila yaingizwe ndani kabla umande haujaanguka. Njia ya kale, inayotoa rangi iliyoenea sawasawa, ni kuchemsha matunguu mazima dakika 45 hadi 60 mpaka kijiti kipenye bila nguvu, kisha kuyaanika siku kumi hadi kumi na tano. Yakikauka sawasawa ukiyagonga yanalia kama chuma. Yasugue kwenye gunia yatoke ngozi, yaponde vipande kwenye kinu, saga, chekecha. Kilo tano mbichi hutoa karibu kilo moja kavu. Hifadhi kwenye chupa iliyofungwa, gizani, mwanga unaua rangi.

Sababu moja inayonifanya nisichoke na kazi hii ni kwamba najua kilichomo kwenye chupa. Nchini Bangladesh mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi baadhi ya wasindikaji walivyokuwa wakipaka manjano kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili yang'ae, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Serikali yao ilichukua hatua kali baada ya hapo. Mimi nina watoto wanaokula pilau yangu.

Na kwa kuwa manjano yanasifiwa kutibu kila kitu: ni kiungo kizuri, na pilipili manga inasaidia mwili kufyonza kile kiini chake kinachoitwa kurkumini. Lakini mwenye kutumia dawa za kuyeyusha damu au mwenye mawe kwenye nyongo amuulize daktari kabla ya kunywa vijiko vya unga, na asiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Mbegu ya Septemba

Yale matunguu mama uliyotenga usiyaoshe. Pangusa udongo kwa mkono, yaanike kivulini siku tatu, yazike kwenye mchanga mkavu ndani ya boksi, nalo liwekwe rafu ya juu jikoni. Chini ya nyuzijoto 12 hivi yanaumia ndani bila kuonyesha nje, kwa hiyo stoo ya baridi haifai. Njia nyingine niliyoijaribu miaka miwili iliyopita na nimeipenda: ndoo mbili sizipindui kabisa. Nazikausha, nazisogeza chini ya upenu jirani na ukuta wa jiko, sizimwagilii tone. Septemba nazipindua na kukuta matunguu hayajasinyaa hata kidogo, mengine macho yameshatuna yenyewe, na katoni inakuwa nusu ya kazi.